Namba Saba na Mtoto Njiti: Dhana Potofu na Ukweli

"Mshukuru Mungu kazaliwa wa miezi saba, maana wa minane haponi." Juma hili nimeisikia tena kauli hiyo katika wodi ya watoto wachanga, kutoka kwa bibi aliyekuwa akimfariji binti yake. Aliisema kwa upendo, lakini si kweli.

Imani hii ni kongwe: imo katika maandishi ya tiba ya Wagiriki wa kale yanayohusishwa na Hippocrates, kutoka enzi ambazo saba ilihesabiwa kuwa namba ya ukamilifu. Mapafu, hata hivyo, hayafuati namba. Utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandamane huanza kutengenezwa takriban wiki ya 24, na kwa kawaida hutosheleza karibu na wiki ya 34 au 35. Uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio nao hukomaa karibu na wakati huohuo. Ndiyo maana njiti wa wiki 29, yaani miezi saba hivi, mara nyingi husaidiwa kupumua na hulishwa kwa mpira uliopitishwa puani, mililita chache kwa kila mlo, ilhali wa wiki 34, yaani miezi minane hivi, aliye kitanda cha pili huenda ameanza kunyonya mwenyewe. Kadiri mimba inavyosogea kuelekea kutimia ndivyo nafasi ya mtoto kuishi inavyoongezeka, na haishuki mwezi wa nane ukiingia.

Huulizwa: mbona fulani alizaliwa wa saba na leo ni mtu mzima? Wapo wanaopona, na tunafurahi nao, lakini anayeuliza huwahesabu hao tu, kwa kuwa waliokufa hawasimuliwi. Tena "wa miezi saba" aliyezaliwa na kilo 3 karibu kila mara ni mtoto ambaye mimba yake ilihesabiwa vibaya.

Madhara yake ninayaona. Mama wa wiki 30 chupa inapasuka, naye anabaki nyumbani kwa kuwa saba imetimia, wakati angewahi angechomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, ambazo hufaa kabla hajazaliwa. Wa miezi minane naye hukatiwa tamaa angali mzima. Nawasihi wajawazito wahesabu mimba kwa wiki, na njiti abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa njia ya kangaruu iliyoanzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Hili nitalirudia hadi nistaafu.

Kwamba mwili mzima hujibadilisha kila miaka saba si kweli pia: chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, na nyingi za chembe za ubongo hudumu maisha yote.

Jino la kwanza halina miadi na mwezi wa saba. Laweza kuota wa nne au hata baada ya mwaka.

Kitovu nacho hakilazimiki kudondoka siku ya saba. Wiki moja hadi mbili ni kawaida, wakati mwingine tatu. Kiachwe kikavu, kisivutwe.