Deni la hiti: namna ya kumfuatilia anayewania Mataji Matatu

Msimu wa besiboli Marekani ukifika Julai, kuna jedwali ambalo halikosi kuzunguka mitandaoni. Fulani anaongoza kwa homurani (pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote hadi nyumbani), anaongoza kwa RBI (mikimbio, yaani alama, iliyoingia kwa sababu ya upigaji wake), na kwa wastani wa kupiga ni wa pili, amepitwa pointi nane tu, yaani .008. Basi watu wanaanza kunong'ona habari za Mataji Matatu. Mimi hizo pointi nane huwa sizitazami. Mwezi Mei pointi nane ni hiti mbili (hiti ni pigo linalomfikisha mpigaji kwenye besi salama), mwishoni mwa Septemba ni hiti tano, na hiti tano ukiwa na mechi tatu mkononi hazipatikani kirahisi. Cha kuhesabu ni deni: huyu anayefukuza anadaiwa hiti ngapi, na amebakiza zamu ngapi za kulilipa.

Tuweke masharti sawa kwanza. Mpigaji huyanyakua Mataji Matatu akimaliza msimu akiwa wa kwanza kwa wastani wa kupiga, kwa homurani na kwa RBI. Ushindani ni ndani ya ligi yake tu, ya Amerika au ya Taifa, si Ligi Kuu nzima. Sare haimnyimi mtu: Carl Yastrzemski wa Boston aliyapata mwaka 1967 ingawa homurani zake 44 zilikuwa sawa na za Harmon Killebrew. Baada yake ikapita miaka 45 hadi Miguel Cabrera wa Detroit mwaka 2012, kwa wastani wa .330, homurani 44 na RBI 139. Tangu hapo hakuna. Ligi ya Taifa ndiyo kame kabisa: wa mwisho ni Joe Medwick wa St. Louis, 1937, naye pia kwa sare, homurani 31 sawa na Mel Ott.

Sasa hesabu yenyewe. Wastani ni hiti ukigawanya kwa zamu rasmi, zile ambazo kwenye ubao huandikwa AB. Si kila zamu ni rasmi. Akipewa besi ya bure (kwa kurushiwa mipira minne mibaya), akigongwa na mpira, akijitoa kwa banti (kuusukuma mpira taratibu kwa gongo) au kwa mpira wa juu unaomwingiza mwenzake nyumbani, zamu hiyo haiingii kwenye mgawanyo. Kupata deni, chukua wastani wa anayeongoza, uzidishe kwa zamu rasmi za anayefukuza, ukipata sehemu panda hadi namba kamili inayofuata, kisha toa hiti alizo nazo. Usitumie tarakimu tatu za kwenye luninga. Gawanya mwenyewe hadi tarakimu tano, maana mataji haya yamewahi kuamuliwa huko ndani.

Mwaka 2024 ulikuwa darasa zuri kwa sababu ligi zote mbili zilikuwa na mwaniaji wa kweli. Aaron Judge wa Yankees aliongoza Ligi ya Amerika kwa homurani 58 na RBI 144, akamaliza na .322: hiti 180 katika zamu rasmi 559. Bobby Witt Jr. wa Kansas City alikuwa na 211 katika 636, yaani .33176. Zidisha kwa 559 unapata 185.5. Judge alidaiwa hiti sita, na msimu wa miezi sita. Hiti moja kila mwezi.

Shohei Ohtani alikuwa karibu zaidi, na ajabu ni kwamba wengi walikuwa wanatazama homurani zake na besi alizoiba, hawakuliona hili. Aliongoza Ligi ya Taifa kwa homurani 54 na RBI 130. Wastani wake ulikuwa 197 katika 636, yaani .310. Luis Arraez wa San Diego alikuwa na 200 katika 637, yaani .31397. Deni la Ohtani lilikuwa hiti tatu. Tatu!

Arraez huyo huyo alikwisha kumzuia Judge mwaka 2022, alipokuwa Minnesota. Judge alipiga homurani 62 na RBI 131, wastani .311, Arraez .316. Ukiitazama 173 kwa 547 ya Arraez dhidi ya 177 kwa 570 ya Judge, deni lilikuwa hiti nne. Mtu mmoja, ligi mbili, amefunga mlango mara mbili, na misimu hiyo yote miwili hakufikisha hata homurani kumi.

Hapo ndipo penye kiini. Anayekunyang'anya taji la wastani si mpinzani wako wa homurani. Ni mtu wa kazi nyingine kabisa. Judge mwaka 2024 alitolewa kwa straiki, yaani bila kuupiga mpira ukachezeka, mara 171. Arraez mara 29. Ondoa zamu hizo, ubaki na zile ambazo mpira uliguswa ukachezeka au ukapaa nje: Judge anabaki na 388, na hiti 180 katika hizo ni .464. Arraez anabaki na 608, na hiti zake 200 ni .329 tu. Kila Judge anapougusa mpira ni hatari kuliko Arraez kwa mbali, ila anaugusa mara chache mno. Mwenye nguvu hujipinda kwa pigo kubwa, na pigo kubwa hukosa. Kwa hiyo mwaniaji hahitaji tu kuwa hodari. Anahitaji pia mwaka ambao hao mafundi wa kugusa hawakufika .330. Cabrera mwaka 2012 aliyekuwa nyuma yake alikuwa Mike Trout na .326, na kwenye homurani Josh Hamilton na Curtis Granderson waliishia 43 kila mmoja. Mwaka uliofuata Cabrera alipiga vizuri zaidi, .348, homurani 44 zile zile na RBI 137, akaambulia taji moja, kwa sababu Chris Davis wa Baltimore alikuja na homurani 53 na RBI 138.

Halafu idadi ya wapinzani imeongezeka. Medwick alishindana na wapigaji wa timu nane, Yastrzemski wa timu kumi. Leo kila ligi ina timu kumi na tano. Lazima kila mwaka pawepo mtu mmoja ambaye kila kitu kinamnyookea upande mmoja. Mwaka 2025 Judge hatimaye alilipata taji la wastani, .331, ndipo Cal Raleigh wa Seattle akaibuka na homurani 60 na RBI 125 dhidi ya 53 na 114 za Judge.

Wakati msimu unaendelea, deni peke yake halitoshi. Lazima ulitazame pamoja na zamu zilizobaki. Nitumie namba za kutunga. Anayefukuza ana 150 katika 480, anayeongoza ana 170 katika 520. Deni la leo ni hiti saba. Zimebaki mechi 25. Mpigaji wa nguvu, kwa sababu ya besi za bure, hupata zamu rasmi kama tatu na nusu kwa mechi (Judge 2024 alikuwa hapo hapo: 559 katika mechi 158), kwa hiyo mpe 88. Akifika 568, ili ampite kiongozi ambaye hajatetereka anahitaji jumla ya hiti 186, maana yake 36 katika 88 zilizobaki. Hiyo ni .409 kwa mwezi mzima, na mwezi wa namna hiyo ni adimu. Lakini tuseme kiongozi anapoa, anapiga 28 katika zamu 100 za mwisho. Wastani wake unashuka hadi .319, na mfukuzaji sasa anahitaji 32 katika 88, yaani .364. Kuanzia katikati ya Agosti, basi, tazama mechi za kiongozi kuliko za huyo unayemshabikia. Homurani na RBI haziwezi kupungua. Wastani ndio pekee unaoweza kuporomoka.

Besi za bure zinakata kuwili. Kwa anayeongoza ni kinga, maana wastani hauguswi. Kwa anayefukuza ni nafasi iliyopotea ya kulipa deni, na pia ya homurani na RBI. Judge alipewa besi za bure 133 mwaka 2024, ishirini kati ya hizo kwa makusudi.

RBI ina vizingiti vyake. Haihesabiki mwenzako akiingia nyumbani huku wewe umepiga mpira wa chini uliotoa wachezaji wawili, wala akiingia kwa kosa la mlinzi ambalo bila hilo asingefika. Inahesabika ukipewa besi ya bure besi zote zikiwa zimejaa. Zaidi ya hapo ni suala la jirani zako kwenye orodha ya kupiga: bila watu kwenye besi hakuna wa kumwingiza isipokuwa wewe mwenyewe. Ndiyo maana RBI 130 za Ohtani zinanishangaza kuliko homurani zake. Baada ya Mookie Betts kuumia mwezi Juni alisogezwa kupiga wa kwanza, mahali ambapo zamu ya kwanza ya kila mechi besi ni tupu.

Kuna mitego miwili ya kanuni inayowachanganya hata watangazaji. Wa kwanza ni idadi ya zamu. Kuwania taji la wastani unahitaji zamu zote, rasmi na zisizo rasmi, 3.1 kwa kila mechi ya timu, yaani 502 kwa msimu wa mechi 162. Aliyepungukiwa huongezewa zamu rasmi za kubuni zisizo na hiti mpaka zitimie, na akiwa bado juu, taji ni lake. Tony Gwynn mwaka 1996 alikuwa na zamu 498. Akaongezewa nne, wastani wake ukashuka kutoka .353 hadi .349, na Ellis Burks wa pili alikuwa na .344. Kwa hiyo usimfute kwenye hesabu kiongozi aliyeumia akiwa na zamu 490.

Mtego wa pili ni uhamisho. Takwimu haziendi na mchezaji anapovuka ligi. Willie McGee aliuzwa kutoka St. Louis kwenda Oakland mwisho wa Agosti 1990 akiwa na .335 na zamu za kutosha. Akaacha wastani wake Ligi ya Taifa ukiwa umegandishwa, haushuki tena, na akalitwaa taji la ligi ambayo hachezi, mbele ya Eddie Murray aliyekuwa na .330. Kinyume chake ni Mark McGwire mwaka 1997: homurani 34 Oakland, 24 St. Louis, jumla 58, na hakuongoza ligi yoyote. Arraez mwaka 2024 alihama pia, kutoka Miami kwenda San Diego, ila timu zote mbili ni za Ligi ya Taifa, hivyo hiti zake zikajumlishwa.

Warushaji nao wana Mataji Matatu yao: ushindi, wastani wa mikimbio halali kwa iningi tisa (iningi ni kipindi cha mchezo, na mechi ina tisa), na idadi ya waliotolewa kwa straiki. Hayo hupatikana mara nyingi zaidi. Tangu 1967, wakati wapigaji wamepata Cabrera peke yake, warushaji wamefanikiwa zaidi ya mara kumi. Mwaka 2024 walikuwa wawili kwa mpigo: Tarik Skubal wa Detroit, ushindi 18, 2.39 na straiki 228, na Chris Sale wa Atlanta, 18, 2.38 na 225. Sababu ni kwamba vitu hivyo vitatu havipigani. Anayewatoa wengi kwa straiki huruhusu mikimbio michache, na anayeruhusu michache hushinda. Kikwazo ni ushindi, kwa sababu mrushaji anayeanza lazima amalize iningi tano na timu yake ifunge. Jacob deGrom mwaka 2018 alikuwa na 1.70 akaishia ushindi 10. Paul Skenes wa Pittsburgh mwaka 2025 aliruhusu 1.97 akashinda 10 na kupoteza 10. Mwaniaji aliye kwenye timu isiyofunga mikimbio, mwondoe mapema.

Turudi kwa wapigaji, wiki ya mwisho. Mwaka 1949 Ted Williams wa Boston aliongoza kwa homurani 43, na RBI zake 159 zilikuwa sawa na za mwenzake Vern Stephens. Angekuwa na Mataji Matatu mara ya tatu. Alimaliza na 194 katika 566, .34276. George Kell wa Detroit, 179 katika 522, .34291. Hiti moja ilitosha. Hata zamu moja rasmi pungufu ilitosha: 194 kwa 565 ni .34336. Mwaka 1953 Al Rosen wa Cleveland, mwenye homurani 43 na RBI 145, naye alipungukiwa hiti moja kumpita Mickey Vernon.

Kiongozi anaweza pia kuamua kukaa. Siku ya mwisho ya 2011 José Reyes wa Mets alipiga banti kwenye iningi ya kwanza, akafika besi salama, akatoka uwanjani na .337 yake. Aliyekuwa anamfukuza ni Ryan Braun, lakini aliyeumia zaidi kwa wastani ule ni Matt Kemp wa Dodgers, mwenye homurani 39 na RBI 126, wa kwanza kote kuwili, na .324. Deni lake lilikuwa hiti nane.

Siku hiyo ya mwisho mechi zote huanza karibu wakati mmoja, saa tisa alasiri za New York, ambazo ni saa nne usiku Nairobi na Dar es Salaam. Orodha za wapigaji hutoka saa kadhaa kabla. Jina la kiongozi lisipokuwepo, wastani wake hausogei tena: chukua zamu rasmi za mfukuzaji, ongeza nne, zidisha, na utajua kabla ya mpira wa kwanza kurushwa kama anahitaji hiti mbili katika nne au tano katika nne.