Uvimbe ulikuwa kwenye kaakaa, mbona mionzi inafika karibu na jicho?

Swali hilo aliniuliza binti aliyemleta mama yake kliniki. Nilikuwa nimewafungulia ramani ya mionzi kwenye kompyuta, rangi nyekundu ikipanda kutoka kaakaa hadi chini ya fuvu. "Dokta, si walishautoa wote?"

Kwa macho ya mpasuaji, ndiyo. Lakini mama ana adenoidi sistiki kasinoma, saratani adimu ya tezi za mate. Mbali na tezi kubwa za mashavuni na chini ya taya, tuna vijitezi mamia mdomoni, na kaakaani vimejaa. Saratani hii hukua taratibu, pengine uvimbe hukaa miaka bila kuuma. Ubaya wake ni kupenda neva, yaani mishipa ya fahamu. Huifuata kama mchwa ndani ya nguzo: nje unaona rangi nzuri, ndani kumeshaliwa.

Na neva ya kaakaa ina safari ndefu. Hupanda nyuma ya taya la juu, hukutana na neva inayoleta hisia za shavu, kisha hupenya tundu dogo la mviringo chini ya fuvu kuelekea ubongoni.

Nilichukua kipande cha pamba, nikamwambia mama afumbe macho. Shavu la kulia, "naam". La kushoto, kimya. Nikarudia. Kimya. Alipofumbua macho aliniuliza kama nimeshaanza. Ganzi ile alikuwa nayo tangu mwaka jana, akidhani ni jino. Picha ya MRI, inayopigwa kwa sumaku, ikaonyesha neva imenenepa, na majibu ya maabara yalikuwa yameandika kwamba seli zimeizunguka. (Mstari huo nautafuta kabla ya yote. Usipokuwepo, napiga simu maabara.)

Kwa hiyo baada ya upasuaji natibu njia nzima. Palipokuwa na uvimbe natoa dozi ya grei (Gy, kipimo cha mionzi) 60 hadi 66, Gy 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Shida iko juu, maana neva ya kuonea haistahimili zaidi ya Gy 54 hivi. Hapo milimita 2 au 3 ni jambo kubwa, ndiyo maana mgonjwa hutengenezewa kinyago cha plastiki: kinalainishwa kwenye maji ya moto, kinabanwa usoni, kikipoa kinashika sura yake na kichwa hakichezi.

Nikamweleza binti pia kwamba tutamfuatilia mama kwa muda mrefu, kifua kikiwemo, kwa kuwa ugonjwa huu huweza kuibukia mapafuni hata baada ya miaka 10. Akanyamaza. Mama ndiye aliyeuliza, "Sasa naanza lini?"

Bado, mama. Una magego mawili ya juu yameoza, na mfupa uliopigwa mionzi ukija kung'olewa jino huweza kukataa kupona. Jumatatu uende kwa daktari wa meno. Fizi zikifunga, wiki mbili hivi, ndipo tutakupima kinyago.