Taxol ya maabara siyo ile ya wodini

Mtu akisikia Taxol anawaza dripu, nywele kunyonyoka, wodi ya saratani. Mimi nawaza kichupa kwenye friza ya nyuzi -20 ambacho kila mtu hapa maabara anachota kidogo halafu anakaa kimya mpaka kinaisha. Ni dawa ya saratani, jina lake jingine ni paklitakseli, imetoka kwenye magome ya mti wa Taxus brevifolia yaliyokusanywa jimbo la Washington kule Marekani mwaka 1962, na wanakemia Monroe Wall na Mansukh Wani wakahangaika nayo North Carolina hadi 1971 walipochapisha umbo lake. Hiyo stori inajulikana. Sisi tusiotibu mtu tunaifanyia nini?

Ndani ya seli kuna vijibomba vyembamba vinaitwa mikrotubuli, vimetengenezwa na protini ya tubulini, na muda wote vinajengwa vinabomoka vinajengwa tena, na seli ikitaka kugawanyika ndivyo vinavyovuta kromosomu kila upande. Sumu za mimea zilizojulikana kabla, kama kolchisini, zinazuia visijengeke. Mwaka 1979 Susan Horwitz na wenzake wakaonyesha kwamba Taxol inafanya kinyume, inavijenga halafu inavigandisha, havibomoki hata ukiviweka kwenye barafu. Kwetu hiyo ni neema kwelikweli, maana mikrotubuli za kawaida ukizitoa kwenye nyuzi 37 zikapigwa na baridi ndo basi tena, zimeyeyuka. Zilizoshikwa na Taxol unaweza kuzimwaga juu ya kioo kilichopakwa kinesini, protini inayotembea juu ya vijibomba, ukatia ATP, yaani nishati yake, ukakaa kwenye hadubini ukaziangalia zinateleza kama vijinyoka, mimi hiyo sijawahi kuichoka. Hata ramani ya umbo la tubulini ambayo watafiti Nogales, Wolf na Downing waliitoa 1998 ilitokana na tubulini iliyokuwa imeshikiliwa na dawa hii hii.

Sasa dozi, na hapa ndo watu wanapotea. Seli za HeLa, zile za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara, ukizipa nanomola 10 tu (nanomola ni kipimo cha ukolezi) zinakwama katikati ya kugawanyika, wakati ukipima jumla ya vijibomba karibu haijaongezeka. Ukizipa mikromola 10, yaani mara 1000, vijibomba vinajikusanya mafungu mafungu kama kuni zilizofungwa kamba. Ni kama dawa mbili tofauti kwenye chupa moja! Halafu mwaka 2014 timu ya Beth Weaver ikapima uvimbe wa wagonjwa wa saratani ya matiti, wakakuta kiwango kinachofika mle ni kidogo, na seli nyingi hata hazikwami, zinapita, ila zinagawanyika vibaya, kromosomu zinavutwa pande tatu nne badala ya mbili. Kwa hiyo mtu akiniletea picha za mikromola 10 akaniambia hivi ndivyo inavyotibu, namsikiliza kwa heshima tu.

Na wenye panya mjihadhari, seli za kinga za panya zinaipokea Taxol kama vile ni sumu ya bakteria, inagusa kipokezi cha TLR4, seli za binadamu hazifanyi hivyo. Ukiona uchochezi wa kinga (inflamesheni) kwa panya usikimbilie kuandika hitimisho.

Niwape na aibu yangu. Nilipoanza nilipata picha nzuri ajabu, nyuzi zinang'aa zimetoka katikati kama nyota, nikajua ni mikrotubuli, nikaita watu waje waone, tumekaa pale tunashangilia. Taxol haipendi maji kabisa, inayeyushwa kwenye kiyeyushi kinaitwa DMSO, na mimi nilikuwa nimeimwaga yote kwa mkupuo kwenye bafa, yaani maji yenye chumvi za kutunza protini, tena ya baridi. Zile nyota zilikuwa fuwele za dawa yenyewe, na tubulini yenye rangi ilikuwa imezing'ang'ania ndo maana zinang'aa. Aliyenistua ni fundi mmoja mzee wa maabara, akasema dogo hebu weka Taxol na bafa peke yake, usitie tubulini, uangalie kwa mwanga wa kawaida. Nyota zilezile. Baadaye nikakuta kuna watu waliandika jambo hilihili 2008, nikapoa kidogo.

Siku hizi bafa naipasha kwanza, Taxol naongeza kwa awamu, kidogo halafu nasubiri halafu zaidi, na pembeni lazima kuwe na kisahani cha kulinganishia chenye DMSO tupu kwa kiasi kilekile. Kichupa changu nimekigawa vipande vidogo nikaandika tarehe, na bado vinaibiwa.