Je, wajua kwa nini PubMed hukuletea makala zisizo na neno uliloandika?

Ukiandika "heart attack" katika PubMed, kanzidata ya bure ya utafiti wa tiba, utaletewa hata makala ambazo maneno hayo hayamo popote. Waandishi wake wametumia "myocardial infarction", nawe umepewa zote kwa pamoja. Nani kaiambia kompyuta kwamba ugonjwa ni huohuo?

Ni Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyoko Bethesda. Tangu 1960 imekuwa ikitoa orodha ya vichwa vya mada iitwayo MeSH, ambayo sasa ina vichwa zaidi ya 30,000. Kwa miaka mingi wataalamu walipitia makala moja moja na kuipachika vichwa vinavyoifaa. Tangu 2022 upachikaji hufanywa na programu, na watu huhakiki baadhi tu. Mwandishi aseme cancer, aseme tumour, makala yake itapewa kichwa Neoplasms.

Vichwa hivyo vimepangwa kiukoo, na ukiita mzazi, watoto wake huja naye. Omba kichwa Malaria: utapata malaria ya falciparum, ya vivax, ya ubongo, na hata malaria ya ndege! Mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu vyandarua ana shughuli gani na shomoro? Anaweza kuchagua kipengele cha kinga na udhibiti kilicho chini ya kichwa hicho, au akaomba makala ambazo malaria ndiyo mada yake kuu, kwa kuandika malaria kisha majr ndani ya mabano ya mraba. Maelfu ya makala zilizoitaja malaria kwa kupitia tu zitaondoka.

Kwenye umri ndipo wengi hupotezea makala bila kujua. Utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki huwalenga sana watoto wa chini ya miaka mitano, na mtu huchagua kichwa Child akaridhika. Lakini Child ni wa miaka 6 hadi 12. Chini yake yupo Child, Preschool, wa miaka 2 hadi 5. Wa miezi 1 hadi 23 yuko ukoo mwingine kabisa, Infant. Basi aliyetaka chini ya mitano ameletewa watoto wa shule, na wanaonyonya wameachwa nje.

Neno NOT nalo lina hila yake. Ukitaka kuondoa utafiti wa panya, utashawishika kuandika NOT na kichwa Animals. Usithubutu. Katika MeSH kichwa Humans kiko ndani ya ukoo wa Animals, kwa hiyo utakuwa umewafuta binadamu wote pamoja na panya. Wakutubi huandika hivi: NOT (Animals NOT Humans), yaani ondoa wanyama wasioambatana na binadamu.

Halafu kuna makala zisizo na kichwa chochote. Iliyoingia juzi huenda haijapachikwa, na nyingine hazipachikwi kabisa. Anayetafuta kwa vichwa peke yake hatakutana nazo, na mara nyingi humo ndimo mlimo matokeo mapya kuliko yote. Ndiyo maana mkutubi mzoefu huunganisha kichwa na maneno ya kawaida kwa OR, ndani ya mabano, ndipo aanze kuchuja.