Kwa nini ndege ya Uturuki ya kukwepa rada inarushwa na injini za Marekani?

Tarehe 21 Februari 2024, ndege mpya ya kivita iliruka kutoka uwanja wa Mürted, nje kidogo ya Ankara. Ilikaa angani dakika 13, magurudumu yakining'inia nje muda wote, kisha ikatua salama. Inaitwa KAAN, na imeundwa na kampuni ya Kituruki ya TUSAŞ. Waturuki walishangilia, na wana kila sababu. Ila injini zake mbili ni F110, za General Electric ya Marekani.

Ajabu ni kwamba uwanja huohuo ndio ulioiponza Uturuki. Julai 2019 ndege za Urusi zilishusha hapo mitambo ya S-400, ya kutungulia ndege. Marekani ikahofia mitambo hiyo ingejifunza namna ya kuinasa F-35, ndege yake ya kivita ya kukwepa rada, na siku chache baadaye ikaitoa Uturuki kwenye mradi wa F-35. Uturuki ilikuwa mshirika tangu 2002, ikitengeneza baadhi ya vipuri na kutarajia kununua ndege 100. Mradi wa KAAN ulikuwa umeshaanza. Sasa ukawa hauna mbadala.

Sasa, kukwepa rada si uchawi. Rada hurusha mawimbi na kusubiri yarudi. Ukiunda bodi yenye pembe zinazoyatupa mawimbi pembeni, ukaficha makombora tumboni, ukapaka rangi inayoyanyonya mawimbi, kinachorudi ni kidogo mno. Ni kazi ngumu, lakini hesabu zake zinajulikana. Injini ndiyo inayowatoa watu jasho.

Ndani yake mna turbini, gurudumu lenye mapanga madogo, mengine hayazidi urefu wa kidole. Gesi inayoyapiga huweza kupita nyuzi joto 1,500 za Selsiasi, ilhali nikeli, ambayo ndiyo madini makuu ya mapanga hayo, huyeyuka kwenye nyuzi 1,455. Yaani panga linafanya kazi ndani ya moto unaotosha kuliyeyusha, huku likizunguka maelfu ya mara kwa dakika.

Linaponaje? Kwanza, lina mifereji ndani na vitundu vyembamba vinavyopuliza hewa yenye joto dogo zaidi, ikalifunika kama shuka. Pili, na hapa ndipo siri ilipo, limesubiwa, yaani kumiminwa likiwa uji wa chuma kwenye kalibu, likawa fuwele moja tu. Chuma cha kawaida kikipoa huwa na punje nyingi zilizoshikana, na kwenye joto kali huanza kuachia pale zinapoungana. Kwa hiyo kalibu huteremshwa polepole kutoka tanuruni, na chini yake kuna njia nyembamba iliyojipinda kama mkia wa nguruwe. Punje nyingi huanza safari. Moja tu ndiyo hupenya na kukua mpaka kuwa panga zima. Ukikosea mwendo au joto, unatupa.

Kuunganisha injini ni jambo jingine kabisa. Kiwanda cha TEI mjini Eskişehir kiliunganisha F110 za ndege za F-16 kwa miaka mingi, lakini fundi anayefunga gari si lazima ajue kusubu silinda yake. Wala si Uturuki peke yake. Ndege ya kivita ya India, Tejas, inaruka na injini ya Marekani, baada ya injini yao ya Kaveri kushindwa kufikia nguvu iliyotakiwa. KF-21, ndege ya kivita ya Korea Kusini, nayo inaruka na injini za Marekani. Hata China iliirusha ndege yake ya kukwepa rada, J-20, mwaka 2011 ikitegemea injini za Urusi.

Cha kuazima kina masharti. Mwaka 2025 Indonesia ilikubali kununua KAAN 48, na Septemba mwaka huohuo waziri wa mambo ya nje wa Uturuki, Hakan Fidan, akasema vibali vya injini za KAAN vimekwama kwenye Bunge la Marekani. Uturuki inaunda injini yake, TF35000, inayolenga msukumo wa pauni 35,000. F110 hutoa kama 29,000. Hadi itakapokuwa tayari, KAAN za mwanzo zitaruka kwa F110.