"Mwache ateseke, atakomaa"

Kauli hii utaisikia barazani na hata kwenye vikao vya wazazi: mtoto asibembelezwe, shida ndiyo itakayomkomaza. Ni nusu ya kweli, tena ile nusu ndogo. Kisiwani Kauai, Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi utu uzima. Kati ya waliokulia katika umaskini na vurugu za nyumbani, takriban theluthi moja walitengemaa vizuri. Shida walizipata wote. Jambo moja kubwa lililojitokeza kwa theluthi hiyo ni mtu mzima wa kumwegemea, awe bibi, shangazi au mwalimu.

Basi mwanao akirudi na alama 18 za hisabati, akajifungia chumbani, usimwambie "jikaze" halafu ukaondoka. Kaa naye. Mwache alie (hata wa kiume, ndiyo), kisha fungueni daftari pamoja, yeye ndiye ashike kalamu. Kumfanyia hesabu zote nako ni kumlemaza. Ila mtoto anayeishi kwa hofu kila siku, bila wa kumtuliza, hakomai: hulala kwa kushtukashtuka, na darasani akili haitulii.