Kinachoamua wingi wa mwani ziwani: samaki mla wenzake au virutubisho?

Ukipita Ggaba au Munyonyo, kando ya Ziwa Victoria jijini Kampala, siku ambayo upepo unasukuma maji kuelekea nchi kavu, utayakuta ya ukingoni mazito na ya kijani kama rangi iliyomwagika. Maelezo utakayosikia mara nyingi ni kwamba kosa ni la mputa, yaani sangara: aliletwa ziwani, akamaliza nkejje, yaani furu, waliokuwa wakila mwani, vile viumbe vidogo vinavyoyapa maji rangi hiyo, na mwani ukabaki bila mlaji. Kuna ukweli humo, ila ni upande mmoja tu wa jambo.

Wingi wa mwani huamuliwa na nguvu mbili. Ya kwanza hutoka chini, yaani kwenye virutubisho, hasa fosforasi na naitrojeni. Mwaka 1973 watafiti nchini Kanada waligawa ziwa dogo, Ziwa 226, kwa pazia. Pande zote mbili zilitiwa kaboni na naitrojeni, lakini mmoja ukaongezewa fosforasi. Upande huo peke yake ndio uliogeuka kijani.

Nguvu ya pili hutoka juu, kwa walaji. Samaki mkubwa hula samaki wadogo, wadogo hula vijidudu vinavyoelea majini, na vijidudu hivyo hula mwani. Mkubwa akiwepo kwa wingi, wadogo hupungua, vijidudu huzaana na mwani huliwa. Akivuliwa mpaka akaadimika, mambo hugeuka na maji huanza kuwa ya kijani, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kugusa mwani. Mwaka 1985 watafiti Marekani waliondoa samaki wadogo wengi katika ziwa moja na kuweka samaki wanaokula wenzao, mwani ukapungua. Hata baharini imeonekana: kwenye pwani ya Sweden, upande wa Bahari ya Baltiki, kuwazuia samaki wakubwa kulifanya mwani wa nyuzinyuzi uongezeke, kama unavyoongezeka mbolea inapoingia majini.

Hesabu ngazi, basi. Mla samaki akiwa ngazi ya nne, mwani wenyewe ukiwa ya kwanza, kuwepo kwake huupunguza. Lakini akiwala moja kwa moja wale wanaokula mwani, kuwepo kwake huuongeza.

Sasa turudi kwa mputa. Aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka kwa kishindo miaka ya 1980, na mamia ya aina za nkejje zikaporomoka. Shida ya kumbebesha lawama yote ni kwamba nkejje hawakuwa na chakula kimoja. Wengine walikula mwani na uozo wa tope, wengine vijidudu, wengine konokono, wengine samaki wenzao. Kwa hiyo mputa aliwaondoa walaji wa mwani, na papo hapo akawaondoa waliokuwa wakiwamaliza walaji wengine wa mwani. Kwa mnyororo huo peke yake huwezi kupata jibu moja.

Tope la chini ya ziwa linasema wazi zaidi. Matabaka yake yanaonyesha kuwa mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na ongezeko la watu na mashamba kuzunguka ziwa. Hiyo ni karibu nusu karne kabla ya mputa kutamba. Mfuatano huo wa miaka ndio unaonifanya niamini kwamba hapa kwetu virutubisho vilitangulia, na samaki akaja kuzidisha.

Tena kijani cha Ggaba si chakula rahisi. Sehemu kubwa ni sayanobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua kama mwani, ambao hujikusanya katika mabonge makubwa kupita midomo ya vijidudu, na baadhi yao hujitengenezea naitrojeni kutoka hewani. Chota maji hayo kwenye chupa inayoonyesha ndani, yaache yatulie: sayanobakteria wengi hupanda na kufanya utando juu, kwa sababu wana vifuko vya hewa. Ukiuona utando huo, usiyanywe hata ukiyachemsha. Baadhi yao hutoa sumu inayoharibu ini, na moto wa jikoni hauiondoi.

Mfereji wa Nakivubo unaleta maji machafu ya Kampala mpaka Ghuba ya Murchison, ghuba ileile ambamo mitambo ya Ggaba huvuta maji ya kunywa ya jiji. Zamani mafunjo ya kinamasi yalichuja sehemu kubwa ya uchafu huo. Leo sehemu kubwa ya kinamasi imelimwa magimbi na miwa. Na hata mfereji ukisafishwa kesho, ghuba haitang'aa mara moja, maana fosforasi iliyokwisha kutua kwenye tope hurudi majini kila oksijeni inapoisha chini.